Shingo Mpya ya Gitaa la Baltazari

Kwenye kwaya yetu ya Bweri, hapa Musoma, kila mtu ni mtaalamu wa gitaa, isipokuwa anayelipiga. Anayelipiga ni Baltazari, mume wa dada yangu Scholastika, na ugonjwa wake yeye ni mwingine: anajua plau. Amelima na ng'ombe huko Butiama tangu hajaota ndevu, na kila kitu cha dunia hii, redio, mlango, hata ndoa, anakitengeneza kama plau.

Gitaa lilivunjika tukitoka kuimba Kibara. Mtu aliweka kiroba cha mihogo juu ya mizigo nyuma ya gari, na chini ya mizigo kulikuwa na gitaa. Tulipofika Bunda tukafungua turubai, shingo ilikuwa imekatika karibu na kichwa, na kichwa kinaning'inia kwenye nyuzi kama cha kuku aliyechinjwa vibaya. Mihogo haipandi gari yenyewe. Lakini kwaya nzima, watu wanaoungama kila mwezi na kutoka nje wameinamisha nyuso, ilinyamaza. Kiroba kilishuka Bweri, kikaingia jikoni kwa mtu, kikaliwa.

Maige seremala alisema shingo ataiunga kwa gundi na itakuwa ngumu kuliko mwanzo. Maige ndiye aliyetengeneza viti vya kanisani, vile ambavyo hatukai. Aliiunga. Baltazari alipokaza nyuzi ilikatika palepale, kwa mlio uliomtoa jirani ndani. Basi ikaagizwa shingo mpya kutoka kwa muuzaji mmoja wa Mwanza.

Sasa nieleze kwa nini shemeji alikuwa hali wala halali. Kijijini kwao, karibu na Butiama, kigango kilikuwa kimemaliza kujenga kanisa, na kwaya yetu ilialikwa kwenye uzinduzi. Mwenyekiti wa maandalizi alikuwa kaka yake, Thadeo. Baba yao alipokufa aliwaachia maksai wawili wa plau, mmoja wa Thadeo, mmoja wa Baltazari. Baltazari akauza wake akanunua gitaa. Maksai mmoja hafungwi nira, huyo ni kitoweo kinachotembea. Msimu ule Thadeo alilima kwa jembe la mkono, na tangu siku hiyo hajaongea na mdogo wake. Akiulizwa habari zake husema, "Yule aliyebadilisha ng'ombe kwa ubao wenye waya?" Na huo ubao hajawahi kuusikia hata mara moja. Baltazari alitaka kitu kimoja tu: Thadeo akae benchi la mbele asikie.

Kikwazo kilikuwa Renatus, mwenyekiti wa kwaya. Renatus ana mtoto wa dada yake, Edwin, na Edwin ana kinanda. Anabonyeza kidole kimoja, mashine inafanya mengine yote, mpaka kupiga makofi. Renatus anakiangalia kile kinanda kama mtu aliyepata ng'ombe wa maziwa bure.

"Jumamosi ni mazoezi ya mwisho," alisema. "Gitaa likiwa sawa, linaenda Butiama. Likiwa bovu, linabaki, na mpigaji atasimama na wenzake aimbe."

"Mimi niimbe?" Baltazari akauliza.

"Sauti si unayo?"

"Ninayo ya kuitia ng'ombe, Mwenyekiti."

Watu wakacheka. Renatus hakucheka, kwa sababu mzaha haukuwa wake.

Shingo ikafika. Tulikuwa watatu ukumbini kwa shemeji: yeye, dada yangu na mimi. Akachana boksi, akaiinua shingo usawa wa jicho, akafumba jicho moja kama anayelenga kanga.

"Imepinda!"

Tukampigia muuzaji, sauti tukaifungulia wote tusikie.

"Haijapinda, mzee wangu," muuzaji alisema. "Ndani ya huo mti kuna fimbo ya chuma. Pale kichwani utaona tundu, humo kuna nati yake. Tumeikaza kidogo ili shingo ilale nyuma. Nyuzi zikishavuta, inanyooka. Kwa hiyo funga nyuzi, zituni, yaani zikaze mpaka kila uzi ufike sauti yake, ndipo uiangalie. Ikiwa bado, zungusha nati robo. Robo tu. Tuni tena, angalia tena."

"Nimekuelewa," Baltazari akasema, akakata simu. Halafu akatugeukia. "Mmemsikia huyo? Nikaze boliti ng'ombe wakiwa wanavuta! Huyo hajawahi kushika plau."

"Ni gitaa, shemeji," nikamwambia.

"Chuma ni chuma. Ukigusa boliti ng'ombe wako kwenye nira, siku hiyo unaacha kidole shambani. Namjua mtu."

Huyo mtu wake huwaga hana jina, lakini amekatwa kila kiungo.

Basi akachukua kispana kidogo kilichopinda, kilichokuja na shingo, akaingiza kwenye tundu, akailegeza ile nati, nyuzi zikiwa bado kwenye pakiti. Akalegeza mpaka shingo ikanyooka kama rula. Akaweka rula kweli, ya mtoto wa shule. Hakukupita hata ukucha.

"Haya," akasema. "Fundi ni macho."

Akaifunga shingo kwenye mwili, akatia nyuzi, akakaza. Nyuzi zilipofika kwenye sauti zake shingo ilijikunja mbele kama mgongo wa mzee anayetafuta sindano. Katikati, nyuzi zilikaa juu ya ubao mbali kiasi cha kuanika soksi. Akabonyeza kodi ya kwanza, ile ya nyuzi kadhaa kwa pamoja. Meno yalimtoka. Sauti nayo ilipanda ikatoka nje ya wimbo.

Mtu mwenye akili hapo angempigia muuzaji. Shemeji alifungua nyuzi zote, akaweka rula.

"Unaona? Imenyooka!"

Akarudisha nyuzi. Ikapinda. Akatoa nyuzi. Ikanyooka. Nimeona watu wakibishana na mke, na polisi, na Mungu. Sijawahi kuona mtu akibishana na mti namna ile, halafu kila akishinda anashindwa. Mara alisema nyuzi ni feki. Mara alisema ni hewa ya ziwa. Mara alisema Musoma mbao zote zina maji, wakati mbao yenyewe imekuja na gari juzi. Maige alipita, akashauri randa. Tukamfukuza.

Jumamosi ikafika na shingo iko hivyohivyo. Kwenye mazoezi Baltazari alipiga kwa nguvu za mkulima, jasho linamtiririka, lakini vidole haviwezi kuinama mara mbili na bado viwahi wimbo. Kila kodi ilitoka inalia upande. Edwin alibonyeza kidole chake kimoja, mashine ikapiga makofi.

Renatus akainua mkono. "Inatosha. Mzee Baltazari, kesho utasimama na sauti ya nne."

"Mwenyekiti, nipe mpaka jioni."

"Kamati imeshaamua."

Kamati ilikuwa yeye, na Edwin akitikisa kichwa.

Nilimsindikiza shemeji nyumbani. Bodaboda zilitupigia honi, hakusogea. Alipofika akaliweka gitaa juu ya kochi, akakaa chini kwenye mkeka, akaliangalia kama mgonjwa aliyerudishwa kutoka hospitali.

"Kaka atanikuta naimba," akasema. "Nimesimama nyuma, mikono mitupu. Atauliza ng'ombe yuko wapi."

Scholastika alikuwa anachambua dagaa mlangoni. Dada yangu hajui kubembeleza, hata mtoto wake akianguka anamuuliza alikuwa anaangalia wapi.

"Baltazari," akasema, "plau mlikuwa mnaipima wapi?"

"Ipi?"

"Plau. Ikichimba juujuu, au ikizama sana. Mlikuwa mnaipima ikiwa imelala nyumbani?"

"Nyumbani utapima nini? Unaingia shambani."

"Na ng'ombe?"

"Si wako mbele wamefungwa? Unawaambia twende, wanavuta, unaangalia mfereji. Ukiona haikati vizuri unawasimamisha, unageuza boliti kidogo, unawaambia twende tena."

"Wakisimama mnawafungua nira, wanaenda zizini kulala, ndiyo mnageuza boliti?"

"Mwanamke, utalima lini ukifanya hivyo?"

Scholastika akarudi kwenye dagaa zake. "Basi sijui kwa nini mwenzetu unawafunguaga ng'ombe kila ukishika hicho kispana."

Shemeji alikitazama kispana, akaligeukia gitaa. Mimi niliangalia dari, maana mtu akivuliwa nguo na mke wake, mgeni anatafuta pa kuweka macho. Na niseme kweli, nilifurahi. Nilimwambia jambo hilohilo siku zote hizo, na muuzaji alimwambia kwa Kiswahili cha kunyooka, lakini sisi tulizungumza habari za gitaa. Kumbe kwa huyu lazima uende na ng'ombe.

"Haya, kaa hapa," akamwambia mke wake kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anamfundisha. "Shika mwili, usicheze."

Scholastika akafuta mikono kwenye kanga, akalishika. Baltazari alituni nyuzi zote mpaka juu, taratibu, akizikwaruza moja moja. Kisha akainua gitaa usawa wa jicho. Tumbo la shingo lilionekana hata kwangu niliyekaa kwenye stuli. Akaingiza kispana, safari hii akikaza, akageuza robo. Mti ukatoa sauti ndogo, kama kiti mtu akikaa. Akaruka nyuma.

"Imekatika!"

"Haijakatika," nikasema. "Angalia."

Akaangalia. Akatuni tena, kwa sababu nyuzi zilikuwa zimepanda. Akageuza robo nyingine. Akabonyeza uzi mmoja juu kabisa na chini kabisa kwa wakati mmoja, akachungulia katikati. Ulibaki upenyo wa karatasi hivi. Akaacha hapo. Hiyo ndiyo akili pekee niliyoiona kwake juma lile: kujua pa kuacha. Halafu akapiga kodi ya kwanza, na dagaa walisahaulika mpaka paka akajua.

Kesho yake alipanda gari la kwaya na gitaa mapajani. Renatus alimtazama.

"Tulikubaliana, mzee Baltazari."

"Nimelileta tu litembee."

"Litakaa kwenye gari."

"Litakaa."

Tulifika. Kanisa jipya linanuka rangi, watu wamejaa mpaka nje, vijana wanafunga spika. Thadeo alikuwa mlangoni na suti yake ya kahawia, mtu mrefu, mkavu, anagawa amri kama anagawa adhabu. Alisalimiana na kwaya nzima mkono kwa mkono. Alipofika kwa mdogo wake akairuka mikono yake, akamshika mtu wa nyuma. Tukaona wote. Baltazari akarudi zake kwenye gari.

Renatus akajipendekeza. "Mwenyekiti mwenzangu, sisi tuko tayari. Tumekuja na kinanda cha kisasa kabisa."

"Na ule ubao?" Thadeo akauliza.

"Upi?"

"Ubao wenye waya. Wa yule." Hakutaja jina.

"Aa, ule tumeuacha kwenye gari. Una matatizo. Hatukutaka kuwatia aibu wenyeji."

Thadeo alimwangalia kutoka viatu mpaka kichwani, na Renatus huwa anavaa viatu vya kung'aa.

"Sikiliza, bwana. Kwa ajili ya huo ubao nimelima kwa mikono yangu msimu mzima. Nimeungoja miaka yote hii. Halafu wewe unaniletea mpaka mlangoni, unauficha kwenye gari? Uletwe. Kama ni takataka, leo niisikie takataka yangu kwa masikio yangu."

"Lakini kamati..."

"Kamati ya hapa ni mimi."

Mimi mwenyewe nilikwenda kumwita shemeji. Sitaficha, nilikimbia. Nilimkuta ameshalituni.

Wimbo wa kuingilia Edwin alianza na kidole chake, lakini Baltazari alipoingia, kidole kilikosa kazi. Gitaa lilikuwa linaenda safi, linaongea, linajibu sauti za akina mama, na vidole vyake vinatembea kwenye shingo bila kuhangaika, kama mtu anayepita kwake. Mwanzo wa ubeti wa tatu, bibi mmoja wa pale akapiga kigelegele kisichokuwa kwenye ratiba. Renatus alikuwa anatikisa kichwa kwa kujua, kama mwenye mali. Nina hakika sasa hivi kuna mtu Musoma anamsikiliza akieleza jinsi alivyolitengeneza.

Thadeo alikaa benchi la mbele na mikono kifuani. Ibada nzima hakuikunjua.

Tulipomaliza, watu wakaenda kwenye chakula. Baltazari alikuwa amelilaza gitaa juu ya benchi, anakunja waya wa spika. Thadeo akaja, akasimama. Akainama, akalinyanyua kwa kulikamata shingo, akaanza kwenda nalo mlangoni.

"Kaka, siyo hapo!" Baltazari akapiga kelele kanisani. "Utaipinda! Unalishika kama unanyonga kuku!"

Watu wakageuka. Thadeo naye akageuka, polepole.

"Wewe umeanza lini kuniamrisha?"

"Shika chini, kwenye mwili. Mkono mwingine uweke huku."

"Huku wapi?"

"Huku. Hapana, huku, kaka. Wewe nawe!"

"Acha kelele, nimeshika," Thadeo akasema, na kwa kweli alikuwa ameshika vizuri. "Nalipeleka nyumbani kabla halijanyeshewa. Utalifuata ukimaliza kula, au chakula cha kwangu siku hizi hukitaki?"

Akatoka nalo. Shemeji akabaki na waya mkononi, hajui aukunje au auache, na nje hakukuwa na wingu hata moja.