Nakala Tano za Mhadhiri

Mhadhiri aliiba tasnifu ya binti yangu juu ya washairi wa zama za Kaisari Nero, akaandika jina lake. Binti alinisihi ninyamaze. Lakini mimi ndiye ninayejalidi vitabu vya chuo, na mhadhiri aliniletea nakala tano za kamati ya kumpandisha cheo, bila kujua mimi ni baba wa nani.

"Jalada jekundu, fundi. Usisome, kichwa kitakuuma."

"Nisome wapi, daktari? Niliishia darasa la tano."

Kila nakala niliishonea kurasa za rasimu ya binti, zenye mwandiko wa mhadhiri pembeni: "Hongera, umenifundisha."

Alifukuzwa. Nami nilipoteza kazi ya miaka ishirini na miwili. Binti hanisemeshi, mwaka wa tatu huu.