Kitenzi cha Matumbo

Saa mbili nzima mwalimu wa Kigiriki alikuwa juu ya kitenzi kimoja: splanknizomai. Alikitamka kama anayetafuna kokoto, na wanasemina wakakiandika kila mtu na herufi zake.

"Si huruma ya mdomoni," alisema. "Ni matumbo kusokotwa. Injili zinakitumia mara kumi na mbili, na kikishatajwa, mtu hakai tena. Analisha, anagusa, anainua."

Nyuma, kwenye kibanda cha kioo, fundi wa mitambo alikipenda. Kitenzi chenye miguu, si kama vile vya shuleni.

Ndipo shangazi yake akakohoa. Pumu ilimbana tangu asubuhi, akachagua kiti cha mwisho asimkere mtu. Lakini semina ilikuwa inarekodiwa, na sheria ilibandikwa ukutani: anayekohoa atoke. Nje mvua ilimwagika, na kibaraza hakikuwa na paa.

Mhudumu wa mlangoni akaja kwa kunyata. "Mama, tusogee nje kidogo. Sauti inaingia kwenye rekodi."

"Kwa baridi hiyo, mwanangu, mtarekodi mazishi."

Mwalimu akatazama saa yake. "Mtoeni mama yetu taratibu, turudie pale pa matumbo. Fundi, hapo utakata."

Damu ikampanda fundi. Akachungulia mlangoni pa kibanda. "Nikate nini, mwalimu? Kikohozi au kitenzi?"

"Kijana, usinijibu hivyo. Mamia ya watu watasikiliza somo hili."

"Na mmoja yuko hapa hapati pumzi. Wewe umesimama tu na maiki."

Ukumbi mzima ukainamia madaftari. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote: kalamu thelathini zimeandika matumbo kusokotwa, na hakuna tumbo hata moja lililoshtuka.

Akamwondoa mhudumu kwa bega, akamshika shangazi mkono, akamkalisha kibandani kwenye kiti chake, pembeni ya mashine zenye joto. Akafunga mlango. Akazima kila kitu cha kuzimwa.

Shangazi akavuta dawa yake mara mbili, mabega yakipanda na kushuka. Ng'ambo ya kioo mwalimu aligonga maiki, akaipuliza, akagonga tena.

"Anataka nini yule?"

"Sauti."

"Si umpe, baba."

"Nitampa, shangazi. Wewe pumua kwanza."