Somo la Msimamizi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Machi, katika kiwanda chetu cha magodoro, wakati wa chai. Msimamizi alikuwa akimfunda mkwe wangu, bwana harusi mpya: "Mke akisema hapana, anadeka tu. Mkabe shingo kidogo, ndiyo raha yao!" Watu wakacheka.

Ijumaa binti yangu alirudi nyumbani kwangu, shingo imevimba, sauti imekauka. "Baba, nilimwambia aache. Akasema bosi wake anajua, eti nadeka."

Marehemu mama yake angejua la kumwambia. Mimi nilimchemshia maji tu.

Nikamfuata meneja kumshtaki msimamizi. Akanijibu: "Mzee, ule ulikuwa utani wa chai."

Msimamizi bado anafunda mabwana harusi, na binti yangu bado anameza kwa maumivu. Nyinyi mliompa cheo, binti yangu alitakiwa aiseme vipi hapana yake ndipo isikike?