Jumatano ya Rolly

Diski ya seva yetu ya zamani ilikuwa inakwaruza tangu asubuhi, na mimi siwezi kukaa na kitu kinachokwaruza. Niliketi, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Kabla ya saa kumi jioni nilitakiwa niwe nimehamisha historia yote ya programu yetu kutoka Subversion, mfumo wetu wa zamani wa kutunza kumbukumbu za kazi, kwenda Git, ulio mpya: miaka kumi na moja ya mabadiliko, kila moja na tarehe yake. Kuhamisha programu yenyewe ni kazi ya dakika tano. Historia ndiyo inayotesa watu.

Shida ilikuwa majina. Mfumo mpya unataka kila badiliko liwe na mwenyewe, na jina likishaingia linafungwa humo humo. Ukija kulirekebisha baadaye unavuruga kila kilichofuata. Sisi miaka ile hatukuwa na majina. Tulikuwa na kompyuta moja tu yenye betri ya kuhimili umeme wa Likasi unaokatika-katika, na akaunti moja tuliyoiita "atelier", yaani karakana. Kwa hiyo bosi wetu, patron Hilaire, alitugawia siku: mwenzangu Rolly alikaa kwenye mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mimi Jumanne na Alhamisi. Mwenye siku ndiye aliyeongoza maombi ya asubuhi, akaandika neno la siku kwenye daftari, akatia sahihi, kisha akawasha mashine. Hilaire ni mtu wa kanisa. Kwake, mashine isiyoombewa haiguswi.

"Stéphanie, juu ya nini unatembea-tembea vile?" Hilaire aliuliza akiwa mlangoni. "Lundi, mercredi na vendredi, weka Rolly. Mardi na jeudi, weka weye. Imeisha."

"Na kama siku ingine tulibadilishanaka?"

"Nani atauliza?"

Mimi nitauliza. Mama yangu husema nilizaliwa nikikagua kazi ya mkunga. Nikafungua kabati, nikatoa madaftari ya maombi, nikaanza kulinganisha tarehe na sahihi, moja baada ya nyingine, mguu ukitikisika chini ya meza.

Nikiri jambo moja: kulikuwa na tarehe niliyokuwa naikimbilia. Miaka saba iliyopita mmoja wetu aliharibu hesabu ya unyevu katika programu tuliyoiandikia maabara ya kupima madini. Unyevu ukawa unatolewa mara mbili, na kwa wiki tatu mizigo ya wachimbaji ilisomwa myepesi kuliko ilivyokuwa, nao wakalipwa pungufu. Watu walitaka kuvunja mlango wa maabara. Tulipotafuta, badiliko lilikuwa la Jumatano. Nilipiga meza: "Minye sikugusa ile!" Nilikuwa na hakika kabisa. Rolly, ambaye hajui kusema asichokijua, alikuna kichwa. "Sikumbuke," alisema. "Lakini kama ni mercredi, basi njo minye." Akajitwika kosa.

Hilaire alimfukuza siku hiyo hiyo, bila mtu kufungua daftari. Sikumtetea. Nilimwona mzembe, na nilimwambia hivyo mbele ya wageni.

Sasa nilitaka kuiona sahihi yake. Sijui kwa nini. Labda kila aliyewahi kuwa na hakika sana hubaki na kitu kinachomwasha.

Daftari la kijani, ukurasa wa Jumatano ile. Mwandiko ulikuwa wangu. Sahihi yangu, na mkia wake mrefu wa majivuno. Chini yake nilikuwa nimeandika: "Rolly amempeleka mdogo wake shuleni Mulungwishi. Nimechukua siku yake."

Nilikaa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilitulia, na utulivu huo ulikuwa mbaya kuliko kuhangaika kote. Nikafungua lile badiliko: mistari minne, na hata namna ya kuacha nafasi mwanzoni mwa mstari ilikuwa yangu.

Nilimpelekea Hilaire daftari. Alisoma, akavua miwani.

"Miaka saba, Stéphanie. Yeye iko na duka yake kule Shituru, hana shida. Labo ya madini itapata copie ya historia yote. Bakiona mwenye aliharibu angali anabafanyia kazi, itakuwa je? Acha vile. Weka Rolly."

"Hapana, patron. Sitaweka."

Alinitazama, akaniachia daftari mezani, akatoka. Niliandika jina langu mbele ya badiliko lile, nikaanzisha uhamisho, nikazunguka chumba mara nyingi hata sikuhesabu. Saa tisa na nusu uhamisho ulikuwa umekwisha.

Namba ya Rolly nilikuwa nayo. Sikuwahi kuifuta, wala kuipiga.

"Rolly, ni Stéphanie. Ile mercredi ulikuwa Mulungwishi. Ile unyevu, njo minye niliharibu. Sahihi yangu iko mu daftari. Haikukuwa weye."

Nyuma yake nilisikia wateja wakiulizia unga.

"Uko sure?"

"Niko sure."

"Hata ile siku ulikuwa sure."

Nikampigia picha ule ukurasa, nikamtumia, nikasubiri aufungue.

"Unajua," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "hapa ku duka minye sipimake unga. Bibi yangu njo anapima. Minye nabeba tu magunia. Nilijiambia, muntu mwenye anakosa hesabu na hajue hata kama alikosa, asiguse kilo ya muntu."

"Rolly, unisamehe."

Nilisikia kitu kikisogezwa, kisha sauti yake ikiwa mbali na simu, akimwambia mkewe: "Hélène, toka pale kidogo. Huyu mama, nitamupimia minye."

Simu hakuikata. Nilisimama nayo sikioni, nikausikia unga ukimiminwa, na Rolly akisoma uzito kwa sauti, polepole, kisha akausoma tena.