Kikohozi cha Kitanda cha Ukutani

Fundi baiskeli mmoja, aliyebandikwa jina la Spoki kwa wembamba wake, alimpeleka bintiye hospitali akashonwe mdomo. Binti huyo, Kidege, alizaliwa mdomo wa juu umepasuka. Mama yake alifia hospitali hiyohiyo, siku ileile ya kuzaa, akiambiwa asubiri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Spoki alisikia la wakuu, akazika mke.

Daktari wa kushona midomo alikuwa mgeni, huja kwa msimu. Lakini mganga mkuu alitaka watoto walazwe mapema, mgeni akifika akute vitanda vimejaa. Basi watoto wazima walirundikwa wodi moja mpaka wapate cha kuugua. Na mtoto akianza kukohoa, ama anarudishwa na pengo lake, ama anashonwa na kikohozi kinafumua mshono.

Kidege alipewa kitanda cha ukutani.

"Usimlaze hapo, mume wangu," alisema bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu. "Kina kikohozi."

"Kitanda kikohoe, bibi? Kimevuta sigara?"

"Cheka tu. Watoto wanaondoka, chenyewe kinabaki."

Mchana huo, Kidege akiwa begani kwa baba yake, kitanda kilikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, mara mbili, kisha kimya kama cha mtu anayemeza mate. Kina mama hawakuinua macho. Spoki aliinama uvunguni, hakuona kitu. Alipogusa godoro, palikuwa na bonde la ukubwa wa mtoto, na lilikuwa na joto.

Akamwendea sista wa zamu. "Dada yangu, niruhusu niende naye nyumbani. Nitamleta asubuhi ya kushonwa."

"Ukitoka umepoteza nafasi. Amri ya mganga mkuu."

"Yeye watoto wake wamelala wapi?"

"Baba, mtoto alale kitandani."

Spoki alivua koti lake, akalikunja kama mtoto aliyejikunyata, akalifunika shuka. Yeye na Kidege wakahamia barazani, penye upepo. Sista alichungulia mlangoni, akaona kichuguu chini ya shuka, akaridhika. Wakubwa wakiona kitanda kimejaa hawaulizi kimejaa nini.

Daktari mgeni alipofika, nusu ya wodi ilikuwa ikikohoa. Mjukuu wa bibi yule alirudishwa.

"Msimu ujao," bibi alisema, akimfunga mgongoni. "Tukijaliwa."

Kifua cha Kidege kilikuwa safi. Alishonwa, na alipozinduka baba yake aliutazama sana mdomo ule mzima. Hakungoja arudishwe kitandani. Daktari alipompa ruhusa, alimbeba, akachukua koti lake pale kitandani, akaenda zake.

Nyumbani alilitundika koti msumarini nyuma ya mlango.

Likakohoa.

Mara mbili, kisha likameza mate. Spoki alilitoa nje akalianika juani. Liliendelea hukohuko kwenye kamba, mikono ikiruka kidogo kila linapokohoa. Aliporudi ndani alimkuta Kidege amegeuza kichwa kuelekea uani, anasikiliza. Halafu koo la mtoto likajibu. Mara moja tu, taratibu, kama anayejaribu neno jipya. Uzi wa mdomoni ulikaza, tone la damu likachomoza.

Spoki hakungoja la pili. Alimwachia jirani mtoto, akalikunja koti, akapanda baiskeli. Njia nzima lilimkoholea kwapani.

Ofisi ya mganga mkuu ilikuwa wazi, mwenyewe hayupo. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari, na koti jeupe. Spoki alilitundika lake juu ya lile jeupe, akalinyoosha kola.

"Subiri hapo," aliliambia. "Mwenyewe anakuja."

Siku ya kutoa nyuzi, mdomo wa Kidege ulikuwa umeshika barabara. Sista alimsifu mtoto, akauliza mbona baba amesimama tu ukumbini.

Spoki alikuwa akisikiliza mlango wa mganga mkuu, uliofungwa. Ndani kulikuwa na kikohozi kidogo, kikavu, mara mbili. Kisha kimya. Kisha kikohozi kizito cha mtu mzima, kikijibu.