Mpaka Mkia wa Tela Uvuke

Asubuhi ile ubao wa unyevu ulisomeka asilimia tatu nukta sita, na Fumino alipouona akajua siku si ya farasi wake. Mchanga wa uwanja wa mbio wa Obihiro, Japani, ukilowa kiasi hicho huwa mwepesi, matela ya chuma yanayokokotwa na farasi, yasiyo na magurudumu, huteleza, na siku inakuwa ya farasi wenye miguu ya haraka. Oniwarabi hakuwa wa haraka. Alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo elfu moja, kifua kama mlango wa ghala, na mwendo wa bibi anayerudi kutoka hekaluni. Siku yake ilikuwa siku ya mchanga mkavu, mzito, wenzake wanapopiga magoti kwenye tuta la pili la uwanja, lile refu, naye anapanda kana kwamba anapanda ngazi za kwao.

Mkufunzi Okazawa hakumficha kitu. "Mwenye farasi alipiga simu jana," alisema huku akivaa buti. "Leo Oniwarabi akishinda, anabaki mpaka mwakani. Asiposhinda, Jumatatu lori la bucha linakuja. Nimembembeleza mpaka maneno yameniishia, mwanangu."

"Sawa," alisema Fumino. Akaenda kumpiga farasi brashi.

Miaka minne alikuwa akimtunza. Msimu huu Oniwarabi alishika nafasi ya pili mara tano, na mara zote tano pua yake ndiyo iliyofika mstarini kwanza. Lakini katika mbio za kukokota, pua haina kazi. Kinachohesabiwa ni mkia wa tela; mpaka chuma cha nyuma kabisa kivuke, hujafika. Oniwarabi alikuwa akifika, anasimama, tela likiwa nusu ndani nusu nje, na mwingine anampita taratibu kama mtu anayeomba radhi. Waliosema ni pumzi walisema. Waliosema ni uzee nao walisema.

Saa sita mchana upepo ukashuka kutoka milima ya Hidaka. Ulikuwa mkali na mkavu, ukipeperusha kofia za watu jukwaani. Ubao ukasoma mbili nukta tisa. Baadaye mbili nukta moja. Kabla ya mbio za saba, zile za Oniwarabi, moja nukta saba. Wacheza kamari wakaanza kukimbilia madirishani kununua tiketi nyingine, maana farasi waliokuwa wazuri asubuhi hawakuwa wazuri tena.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Alikuwa mzee Kuwabara, mkulima wa maharage aliyestaafu, ambaye kila Jumamosi hununua tiketi zake zote asubuhi kabla hajala wali wake wa nyama ya nguruwe, ili tamaa isimbadilishe nia. Watu walimcheka kwa hilo. Mbio zikianza, yeye hutembea kando ya uzio sambamba na farasi, toka mwanzo hadi mwisho, mita zote mia mbili. Kwa miaka minne Fumino alikuwa akimwinamia kichwa tu na kupita zake. Leo mzee alimngoja kwenye kona ya banda.

"Binti wa Oniwarabi."

"Ndiyo, mzee."

"Farasi wako akifika, wewe husimama wapi?"

"Mstarini. Pale penye nguzo nyekundu, na karoti yake."

Mzee akatikisa kichwa. "Nimetembea naye kwenye uzio huu tangu akiwa mtoto. Eti pumzi. Pumzi gani? Akifika pale anahema kama mimi nikitoka kunywa chai. Anasimama kwa sababu kazi imekwisha, amekuona. Nguzo haijui yule. Mwisho wake ni wewe."

Uso wa Fumino ukawaka. Mara tano, kwa karoti yake mwenyewe, alikuwa amemvuta farasi wake karibu na lori.

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Nilidhani mnajua. Mkulima wa maharage amfundishe mtunza farasi? Wangenicheka mara mbili. Lakini leo nimemsikia Okazawa akimweleza muuza tambi habari za Jumatatu."

"Umemchezea Oniwarabi?"

"Thubutu. Asubuhi niliona tatu nukta sita, nikaweka kwa namba mbili, yule mwembamba. Sasa upepo umeninyoa bila maji." Akacheka mwenyewe. "Yeni mia tano tu. Nenda kasimame mbali, binti. Mbali hasa. Hatua ishirini kupita nguzo."

Mbio zilipoanza, namba mbili aliruka tuta la kwanza na kuwaacha wote. Tetsuro, kijana aliyesimama juu ya tela la Oniwarabi, hakuhangaika. Alimpumzisha mara moja, akampumzisha tena, na mbele ya tuta la pili akamwacha asimame muda mrefu hadi watu wakaanza kumzomea.

"Umelala, Tetsuro? Tukuletee mto?"

Namba mbili akapanda tuta la pili, akafika katikati, magoti yakakunjika. Mchanga mkavu ulikuwa umemshika. Hapo ndipo Tetsuro alipotikisa hatamu. Oniwarabi akainamisha kichwa na kupanda, hatua, hatua, hatua, mpaka tela likashuka upande wa pili kwa kishindo. Nyuma yake akaja namba saba, mweusi, mwenye nguvu bado.

Kutoka alikosimama Fumino, nguzo nyekundu ilionekana ndogo. Aliiona pua ya Oniwarabi ikiifikia. Aliona masikio yakigeuka kulia, yakigeuka kushoto, yakimtafuta mahali pake pa siku zote. Miguu ikapunguza mwendo. Namba saba akasogea.

Fumino hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hata sokoni alinyoosha kidole tu. Lakini sasa aliinua karoti juu ya kichwa na kumwita farasi wake kwa jina, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

Masikio yakasimama. Oniwarabi akavuta. Chuma kikakwaruza mchanga, mkia wa tela ukavuka nguzo, na farasi akaendelea kuja hadi alipoweka pua yake begani kwa Fumino. Mkia wa tela la namba saba ulivuka baadaye.

Okazawa tayari alikuwa na simu sikioni, akiongea haraka na mwenye farasi, akifuta macho kwa kofia. Mzee Kuwabara alifika kwenye uzio akihema kweli safari hii, tiketi yake iliyokufa mkononi.

Fumino aliinama, akainama sana, akakaa hivyo hivyo mpaka mzee akaona haya.

"Inuka, binti, watu watadhani nimekufa."

"Asante, mzee," alisema. "Sina kitu cha kukupa." Akaikata karoti vipande viwili. Kimoja akampa Oniwarabi, cha pili akampitishia mzee uzioni, kwa mikono miwili.

Mzee alikitazama, akakifuta kwenye koti, akakitafuna.

"Tamu," alisema. "Jumamosi ijayo utasimama wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi tiketi nitanunua nikishakula."