Luga ya Malaika Yenye Tulipika

Mu kanisa yetu, pale ku barabara ya makamyo yenye kubeba kobalti, bibi haolewagi na mutoto wa shemasi kama hajasema kwanza luga ya malaika mbele ya batu bote. Mudogo yangu Mignonne alifunga, alilia, alipiga magoti mpaka ngozi ikatoka: malaika kimya. Arusi ilikuwa samedi, Jumamosi yenye kufuata, na muchumba wake Hénock, mutoto wa shemasi, alikuwa amekwisha kukodi suti. Mi nikachoka. Nikamuambia, "Kama malaika banakukatalia, luga tutatengeneza sisi benyewe."

Tukakaa mu jikoni, bukari, ugali yetu, iko ku moto, tukaanza kuchagua sauti. "P" na "b" nilikatala mara moja, juu zinarushia pasteur mate ku uso. "Ng" pia hapana: bamama benye kutoka Sandoa bangesema ni Kilunda, luga yabo, kisha bangetafuta tunatukana nani. "Ch" tuliachia Bachina. Mungu hana carrière ya madini hapa. "Sha" nayo batu banaimaliza: nusu ya kanisa inasemaga "sharabasha, sharabasha", unaweza kusema bako banabishana ku soko.

Tukabakia na l, m, z, na r ya kuviringisha. Voyelle mbili tu, a na o, juu i ya Mignonne inatokeaga mu pua, inafanana na ya mbuzi. Nikaweka na sheria: neno linaanza juu, linashuka polepole, kisha unavuta pumzi sawa vile mutu mwenye kumwangiwa maji ya baridi. Akajaribu: "Zorala lomaza." Mi mwenye sina imani mingi, nywele zikanisimama.

Dimanche, siku ya ibada, Mignonne akasimama mbele. "Zorala lomaza, rrromo zala." Ilitoka muzuri kabisa. Pasteur Kanyinda akatoa machozi. Hénock akafunga macho, anachekelea. Mi nikajisifu mu roho: huyu amekwisha kuolewa.

Njo Mama Adèle akasimama. Huyu mama eko na zawadi ya kufasiria batu luga za malaika. Eko tena na binti, Stéphanie, mwenye anapikiaga Hénock kila mara nafasi inapatikana. Akapandisha mikono, akafasiri: "Bwana anasema, huyu bibi mi sikumuchagua. Arusi isimame."

Nikafungua kinywa. Nilitaka kusema mama huyu ni muongo, ile luga haina maana hata kidogo, mi njo niliitengeneza kando ya sufuria. Nikafunga kinywa. Kama ninasema vile, mudogo yangu anafukuzwa leo leo, na arusi inakufa tu. Hasira ilinipanda mpaka ku masikio. Mignonne alikuwa ananiangalia, anangoja niseme kitu, kitu chochote.

Kanisa yote ikamugeukia Hénock. Huyu kijana alikulaga samaki yetu kila dimanche, akiniita shemeji mbele ya batu. Alitengeneza kravati yake, akaangalia chini, akasema, "Amina."